Friji Ikifanya Kazi Huku Kigari Kikichajiwa: Kwa Nini Betri Mbili Zinalala na Nne Zinachemka

Barua

Assalaam alaykum ndugu mafundi,

Hoteli ninayofanyia kazi ina vigari vya gofu vya kubebea wageni na mizigo kutoka mapokezi hadi vyumba vya ufukweni. Kimoja kinanitoa jasho. Ni cha volti 48, kina betri 6 za maji za volti 8, kila moja 170Ah (ampia-saa), zilizofungwa miezi 9 iliyopita. Chaja yake ni ya ampia 15.

Kigari hiki tu ndicho kilichoongezewa vitu: friji ndogo ya kubebeka ya maji ya wageni (isiyo na kompresa, imeandikwa 12V 58W), taa za LED pembeni, redio, na tundu mbili za kuchajia simu. Aliyefunga alichukua umeme kwenye betri ya kwanza na ya pili, yaani volti 16, akaupitisha kwenye kipunguza volti kidogo ili upatikane wa volti 12. Friji haizimwi. Tunachomeka chaja saa nne usiku na kuitoa saa moja asubuhi, na friji inaendelea kufanya kazi muda wote huo ili maji yasipate moto.

Sasa hivi chaja haizimi yenyewe. Asubuhi naikuta bado inavuma, na tukiiacha zaidi huishia kuonyesha taa ya hitilafu. Betri ya 3 hadi ya 6 zinakuwa moto na zinakunywa maji kila wiki. Betri ya 1 na ya 2 maji hayapungui kabisa. Zikishapumzika, hizo mbili zinasoma volti 8.1 na haidromita (kipimo cha uzito wa tindikali) inaonyesha 1.190 hivi. Nne zilizobaki zinasoma 8.5 na 1.275 hadi 1.280. Zamani kigari kilikwenda kutwa, sasa saa nane mchana kinakokota miguu.

Nimejaribu chaja ya kigari kingine, mambo ni yale yale. Vigari vingine havina shida. Mwenzangu ananiambia kila mwezi nibadilishane nafasi za betri ili "zigawane uchovu". Mwingine anasema nifunge betri ya gari ya volti 12 peke yake kwa ajili ya friji. Muuza vifaa amenionyesha konveta ya 48V kwenda 12V iliyoandikwa 36–60V, anasema itamaliza kila kitu. Na meneja anauliza: je, ni makosa kuacha friji ikifanya kazi wakati kigari kinachajiwa? Naomba mniongoze.

Fundi wa hoteli, Paje, Unguja

Jibu

Waalaykum salaam ndugu yetu. Umetupa vipimo kamili, na ndivyo vinavyotuwezesha kukujibu bila kubahatisha. Chaja yako ni nzima. Ulipoleta ya kigari kingine na tatizo likabaki, ulishaiondolea lawama. Kinachoua betri zako ni mahali umeme wa friji ulipochukuliwa.

Betri 6 zimefungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata. Katika mfungo huo ampia zinazotoka kwenye chaja hupita betri zote kwa kiasi kile kile, na chaja haina njia ya kuipa betri moja zaidi ya nyingine. Mfungo hudumu kwa sharti moja: zote zitumike sawa na zijazwe sawa. Friji yako imevunja sharti hilo pande zote mbili, mchana na usiku.

Twende na hesabu. Wati 58, ukiongeza kinachopotea kwenye kipunguza volti, ni kama wati 64 kutoka kwenye betri. Friji isiyo na kompresa haipumziki kama ile yenye kompresa. Inakula kiasi hicho saa zote. Mchana, kwenye volti 16.5 hivi, ni karibu ampia 3.9. Kwa saa 15 ambazo chaja haijachomekwa, betri ya 1 na ya 2 zimetoa 58Ah ambazo wenzao hawakutoa. Usiku, chaja ikiwa imechomekwa, volti za hizo mbili hupanda hadi 17 hivi na friji huchota ampia 3.8. Kwa saa 9 ni 34Ah nyingine. Jumla ni zaidi ya 90Ah kwa siku kutoka kwenye betri za 170Ah, kabla hatujahesabu uendeshaji wenyewe.

Pabaya zaidi ni mwisho wa kuchaji. Mwanzoni chaja inasukuma ampia 15, na friji ikiiba 3.8 zinabaki 11.2 za kuingia kwenye hizo mbili. Ni pungufu, lakini zinajaa. Saa za mwisho betri zinapokaribia kujaa, ampia za chaja hushuka zenyewe hadi 3 au 5 hivi. Hapo friji inachukua karibu zote. Betri ya 3 hadi ya 6 zinaendelea kupata ampia 4, ya 1 na ya 2 zinapata karibu sifuri. Saa hizo za mwisho ndizo zinazomalizia kuyeyusha salfeti iliyoganda kwenye bamba. Betri isiyozipata siku baada ya siku, salfeti yake hugeuka ngumu, na uwezo wake hupungua moja kwa moja.

Nne zilizobaki zinachemka kwa sababu chaja haioni betri moja moja. Inaona jumla. Betri zako zina seli 24, nne kwa kila betri, na chaja ya aina hii hulenga kama volti 2.45 kwa kila seli, yaani 58.8 kwa jumla. Ikiwa betri ya 1 na ya 2 zimekwama kwenye volti 8.6 kila moja, hizo ni 17.2. Zinabaki 41.6 za kugawana betri nne, yaani 10.4 kwa kila betri, sawa na volti 2.6 kwa seli. Hicho ni kiwango cha kusawazisha (kuchaji kwa volti za juu kwa makusudi ili seli zote zilingane), kinachofaa kufanywa mara moja moja kwa saa chache. Betri zako nne zinakipata kila usiku. Ndiyo maana ni moto, na ndiyo maana zinamaliza maji.

Unaweza kulithibitisha hili usiku wa leo. Saa moja kabla ya kutoa chaja, friji ikiwa imewashwa, pima kila betri kwa mita bila kufungua waya wowote. Ukikuta mbili za mwanzo ziko chini ya 9 na nyingine ziko juu ya 10, umeliona tatizo kwa macho yako, na una namba za kumwonyesha meneja.

Chaja haizimi kwa sababu hiyo hiyo. Nyingi huamua kuzima kwa kutazama volti zikiacha kupanda au ampia zikishuka chini ya kiwango fulani. Hapa jumla haitulii na ampia hazishuki vya kutosha, maana sehemu yake inaenda kwenye friji. Mwishowe kipima muda cha usalama ndani ya chaja kinakatisha kazi na kuwasha taa ya hitilafu.

Kabla ya kufika kwenye tiba, tujibu ushauri wa wenzako. Kubadilishana nafasi za betri usikubali kabisa. Mwezi huu utaharibu mbili, mwezi ujao mbili nyingine, na ndani ya mwaka utakuwa na betri 6 zilizochoka kwa viwango tofauti badala ya 4 nzima. Betri ya gari peke yake inafaa kwa vifaa vinavyotumika kidogo. Friji yako inakula karibu ampia 5 za volti 12. Betri ya 50Ah itakuwa imekauka baada ya saa 10, na betri za kuwashia magari huharibika haraka zikikaushwa hivyo. Utahitaji pia chaja yake ya pili, na uzito wake utaongezeka kwenye kigari.

Muuza vifaa amekaribia ukweli. Njia sahihi ni konveta inayochukua kutoka betri zote 6 kwa pamoja, kwa hiyo kila moja inachangia sawa. Lakini hiyo ya 36–60V iache dukani. Betri zinazoitwa za volti 48 hupanda hadi 58.8 kila zinapochajiwa, na wakati wa kusawazisha hufika 62 hadi 65. Vigari vingi pia hurudisha umeme kwenye betri vinapoteremka au kufunga breki, na betri zikiwa zimejaa volti huruka ghafla. Konveta ya mwisho 60 inaweza kuungua, tena usiku chaja ikiwa imechomekwa na hakuna mtu karibu. Tafuta inayopokea hadi 72 au zaidi: 30–72V au 36–75V zinapatikana. Itoe volti 12 hadi 13.8, ampia 20, na iwe ya aina ambayo hasi ya upande wa 48 haijaungana na hasi ya upande wa 12. Ukifika dukani pima kwa mita kwenye milio: gusa hasi ya kuingilia na hasi ya kutokea. Ikilia, si yenyewe. Sababu ya msimamo huu utaiona mbele kidogo.

Sasa kazi. Toa chaja, toa ufunguo, weka gia katikati, na kama kigari kina swichi ya Run na Tow chini ya kiti, iweke Tow. Vua saa na pete. Spana ya 13 ifunge kwa tepu ya umeme mpini mzima, ibaki ncha tu. Spana ikilala kwenye vichwa viwili vya betri inayeyuka mkononi. Fungua kifuniko cha betri mapema na uache hewa ipite kwa muda, kwa sababu betri zilizotoka kuchemka zimeacha haidrojeni, nayo hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Kisha anza na waya mkuu wa hasi. Baada ya hapo ondoa ule mchepuko wa volti 16 wote, pamoja na kipunguza volti chake. Usikihamishie kwenye 48. Vidogo vya aina hiyo havikuumbiwa volti hizo.

Usikimbilie kufunga konveta. Kwanza zifufue betri ya 1 na ya 2, la sivyo zitabaki nyuma hata baada ya kurekebisha nyaya. Zinahitaji kuchajiwa pembeni, moja moja. Na tafadhali, usiweke chaja ya gari ya volti 12 kwenye betri ya volti 8: italazimisha volti 14.4 kwenye seli 4, yaani 3.6 kwa kila seli, na utaichemsha hadi bamba zipinde. Tumia pawasaplai ya kurekebisha, ile ya mafundi wa elektroniki, yenye angalau ampia 10. Weka volti 9.7. Kiwango cha kawaida ni 9.8 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ila betri zenu hukaa kwenye 30 au zaidi, na kwa kila nyuzi inayozidi 25 unapunguza volti 0.005 kwa seli. Kwa 1.190 betri hizo zina kidogo zaidi ya nusu, kwa hiyo zinadai kama 70Ah kila moja. Ukiongeza kinachopotea ni 80 na ushee. Kwa ampia 10 ni saa 8 za mwanzo, kisha saa kadhaa ampia zinaposhuka polepole.

Ampia zikishuka chini ya 3, pandisha hadi volti 10.3 na usawazishe. Hapo pima kila seli kwa haidromita kila baada ya saa moja na uandike. Ukiona namba hazipandi tena kwa vipimo vitatu vinavyofuatana, simama. Joto la betri likikaribia nyuzi 50, simama pia na usubiri zipoe. Kazi hii ifanyike mahali wazi, si stoo. Zikirudi 1.260 au zaidi kwenye seli zote, umeziokoa. Seli moja ikibaki chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, seli hiyo imeharibika na betri inabidi ibadilishwe. Kwa kuwa nne nyingine zina miezi 9 tu, kuingiza mpya bado kunafaa, ilimradi iwe ya aina na ukubwa ule ule. Zingekuwa na miaka mitatu tungekuambia usijaribu, maana mpya ingeburutwa na zilizozeeka.

Kuhusu maji. Betri ya 3 hadi ya 6 zimechemshwa sana, kwa hiyo fungua vifuniko utazame. Bamba zikiwa wazi, ongeza maji hadi yazifunike tu, uchaji, kisha umalizie kujaza. Zikiwa zimefunikwa, subiri hadi baada ya kuchaji ndipo ujaze hadi kama milimita 3 chini ya ukingo wa chini wa shingo ya shimo la kujazia, ile inayoning'inia ndani. Ukijaza kabla ya kuchaji, maji yatapanda na kumwagika pamoja na tindikali. Tumia maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na ya bomba yana klorini, yote mawili ni adui wa bamba. Soma kopo kabla ya kununua, kwa sababu maduka mengine ukiomba maji ya betri yanakupa tindikali. Tindikali haiongezwi kwenye betri iliyopungua maji. Kilichopotea ni maji peke yake.

Sasa konveta. Chanya yake iende kwenye chanya kuu ya betri zote, hasi kwenye hasi kuu. Kuna tofauti moja ya kuzingatia: Club Car (aina ya vigari vya gofu) nyingi za volti 48 za miaka ya nyuma zina kompyuta ndogo inayohesabu umeme unaotoka na unaorudi, na waya mkuu wa hasi hupita ndani yake. Ukifunga hasi ya konveta moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, umeme wa friji hauhesabiwi, na kompyuta itaizima chaja mapema ikidhani deni limelipwa. Kwenye vigari hivyo hasi ifungwe upande wa kontrola (kifaa kinachoongoza mota), baada ya kompyuta.

Kwenye chanya weka fyuzi ya ampia 10, karibu na betri kadiri inavyowezekana, lakini kishikio kiwe cha kufungika na kikae nje ya kisanduku cha betri. Fyuzi za magari, zile za rangi zenye miguu miwili bapa, nyingi zimepimwa kwa volti 32. Zikikatika kwenye 58 cheche inaweza kuendelea kuruka ndani yake hadi plastiki iwake. Nenda duka la sola ununue fyuzi ya DC (umeme kama wa betri) ya milimita 10 kwa 38, na breka ya DC ya ampia 10 yenye nguzo mbili iwe swichi kuu. Breka za nyumbani za AC hazifai hapa hata kama zinaingia. Hesabu yako ni hii: friji ampia 5, taa 3, redio 3, simu 2, jumla 13 za volti 12, karibu wati 156. Upande wa betri hiyo ni chini ya ampia 4.5 hata betri zikiwa zimeshuka. Waya wa milimita mraba 2.5 unatosha upande huo. Upande wa 12 vuta 6 kutoka konveta hadi kisanduku cha fyuzi, kisha 2.5 kwa friji na 1.5 kwa vilivyobaki, kila kimoja na fyuzi yake. Ya friji iwe 7.5. Huku ndiko fyuzi za magari zinakofaa.

Sasa swali la meneja. Kifaa kidogo kinachochota kutoka betri zote kwa pamoja hakiziharibu betri wakati wa kuchaji kama ulivyofanya ule mchepuko. Friji yako kupitia konveta ingechukua kama ampia 1.2 upande wa 48. Lakini bado ingechanganya chaja saa za mwisho, inapotazama ampia zikishuka hadi 2 au 3. Kwa hiyo jibu letu: wakati wa kuchaji taa na redio zikatike, na friji ihamie kwenye umeme wa ukutani. Ukuta upo hapo hapo, hakuna haja ya kuupitisha umeme wake kwenye betri kwanza.

Fanya hivi. Kwenye kituo cha kuchajia funga adapta ya 230V kwenda 12V ya ampia 10 ndani ya kisanduku kisichoingia maji. Ibaki ukutani, usiipandishe kwenye kigari: kigari kinacholowa na kupita mchangani si mahali pa volti 230. Kutoka hapo leta waya wa volti 12 wenye plagi ya trela, uchomekwe pamoja na chaja. Ndani ya kigari tumia relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya magari ya volti 12, ampia 40, yenye miguu mitano. Mguu wa 30 uende chanya ya friji. Mguu wa 87a upokee chanya ya konveta. Mguu wa 87 upokee chanya ya adapta ya ukutani. Miguu ya 85 na 86 ifungwe kwenye hasi na chanya ya adapta hiyo hiyo. Ukichomeka, relei inavutwa na friji inahama yenyewe. Umeme ukikatika usiku, relei inaachia na friji inarudi kwenye konveta, maji yanabaki baridi. Relei ya pili ya aina hiyo pitishia taa na redio: chanya ya konveta kwenye 30, mzigo kwenye 87a, mguu wa 87 uache wazi, na 85 na 86 kama ya kwanza. Ukichomeka, zinazimika.

Hapa ndipo ilipo sababu ya konveta yenye hasi zilizotengana. Hasi ya adapta na hasi ya konveta zinakutana kwenye friji. Kama hasi ya konveta ingekuwa imeungana na ya betri, basi betri zote 6 zingeunganishwa na adapta ya ukutani, na pengine na waya wa ardhi wa jengo. Waya mmoja wa chanya ukichubuka na kugusa chuma kilichoungana na ardhi hiyo, hapo ndipo moto huanzia.

Jambo moja hupuuzwa mno na mafundi wengi. Friji nyingi za kubebeka zina kinga ya kujizima volti za betri zikishuka. Nyuma ya konveta kinga hiyo ni kipofu, kwa sababu konveta inatoa volti 12 kamili hata betri zikiwa taabani. Weka kikata umeme cha volti za chini upande wa 48, kikate kwenye 47 na kirudishe kwenye 50, kiwe na ucheleweshaji wa dakika moja ili kisikate kila dereva anapopanda mlima. Na msimu wa wageni wachache, kigari kinapolala wiki kadhaa, zima breka. Konveta tupu inaweza kula miliampia 50, na kwa mwezi hiyo ni 36Ah.

Chaja ya ampia 15 huvuta karibu wati 1,000 ukutani. Kamba ya kurefushia ikiwa mita 20 au 30 iwe ya milimita mraba 2.5, iliyokunjuliwa yote. Iliyozungushwa kwenye bobini hupata moto. Kituo kiwe na kinga ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Upepo wa bahari hula viunganishi, kwa hiyo tumia vidole vya kufungia nyaya, vya shaba vilivyopakwa bati, na kila mwezi osha vichwa vya betri kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, vifuniko vikiwa vimekazwa, suuza, kausha, paka grisi.

Mkibadilisha siku moja kwenda lithiamu ya seli 16, konveta hii hii itafaa, maana hizo huchajiwa hadi 58.4 tu. Chaja ndiyo itabidi ibadilike.

Baada ya wiki mbili za matumizi, subiri chaja izime yenyewe, acha kigari kipumzike saa 6, kisha pima zote 6. Tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini isizidi volti 0.1, na haidromita isipishane zaidi ya 0.030. Kumbuka kuongeza 0.004 kwenye kipimo cha haidromita kwa kila nyuzi 5 zinazozidi 27. Ikizidi hapo, sawazisha zote pamoja usiku mmoja friji ikiwa ukutani na breka ya konveta ikiwa imezimwa, kisha upime tena. Ukiona betri ya 1 na ya 2 bado zinashuka peke yake, tuandikie na utupe vipimo vya seli zote 8, moja moja.